Pongal: namna ya kupika chungu mpaka kifoke, na maana ya siku zake nne

Neno "pongal" limetoka kwenye kitenzi cha Kitamil "pongu", yaani kufoka. Sikukuu inaitwa hivyo, chakula chake kinaitwa hivyo, na neno hilohilo ndilo watu wanalolipaza maziwa yanapopanda na kumwagika nje ya chungu: "Pongalo pongal!" Basi ukitaka kuielewa sikukuu hii ya Wahindu wa Kitamil, kusini mwa India, anzia jikoni. Michoro ya mlangoni, miwa, ng'ombe waliopakwa rangi pembe, vyote vinakizunguka chungu.

Ni sikukuu ya shukrani ya mkulima. Mpunga wa msimu wa samba, unaopandwa kuanzia Agosti katika mashamba ya mto Kaveri na sehemu nyingine za Tamil Nadu, huwa tayari kuvunwa Januari. Mchele huo mpya hauliwi kabla Surya, mungu jua, hajapewa sehemu yake, maana yeye ndiye aliyeuivisha. Kufoka kwa maziwa ni dua inayoonekana kwa macho: riziki na izidi chombo. Anayefunika chungu au kupunguza moto ili jiko lisichafuke amepika wali mtamu tu, Pongal hajaipika.

Kuijua siku na saa

Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata mwezi mwandamo na tarehe zake huhama sana. Pongal hufuata jua. Siku yake kuu, ya pili kati ya zile nne, huangukia siku ya kwanza ya mwezi wa Kitamil wa Thai, jua linapoingia kundi la nyota la Makara, siku ambayo sehemu nyingine za India huiita Makar Sankranti. Kwa kalenda ya kawaida ni tarehe 14 au 15 Januari: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 15, mwaka 2025 tarehe 14. Tofauti hiyo ya siku moja hutegemea saa ambayo jua linaingia Makara, kama ni kabla ya machweo au baada yake.

Siku hii huhesabiwa kuwa mwanzo wa uttarayanam, safari ya jua kurudi kaskazini. Angani jua hugeuka mapema zaidi, tarehe 21 au 22 Desemba. Pengo hilo limetokana na kalenda kupima mwaka kwa nyota, na mwaka wa nyota ni mrefu kuliko mwaka wa majira kwa dakika kama 20, hivyo tarehe husogea siku moja kila miaka 72 hivi. Watamil wana msemo, "Thai pirandhal vazhi pirakkum": Thai ukizaliwa, njia huzaliwa. Mwezi uliotangulia, Margazhi, watu hawapangi ndoa. Thai unapoingia, milango ya harusi na mipango mipya hufunguka.

Saa ya kuinjika chungu hutazamwa kwenye panchangam, kalenda ya kidini. Wasiokuwa nayo huepuka nyakati mbili zenye nuksi ambazo kila moja hudumu dakika 90, na ratiba yake kwa jua linalochomoza saa 12:00 ni rahisi kukumbuka. Rahu kalam huangukia asubuhi siku tatu: Jumatatu saa 1:30 hadi 3:00, Jumamosi saa 3:00 hadi 4:30, na Ijumaa saa 4:30 hadi 6:00. Emagandam hugusa asubuhi ya Alhamisi saa 12:00 hadi 1:30, Jumatano saa 1:30 hadi 3:00, Jumanne saa 3:00 hadi 4:30, na Jumatatu saa 4:30 hadi 6:00. Hesabu kutoka saa unayotaka maziwa yafoke, si saa ya kuwasha kuni. Chungu cha lita 3 huchukua kama nusu saa mpaka kufoka.

Bhogi: siku ya kutoa vya zamani

Siku ya kwanza kati ya nne ni siku ya mwisho ya Margazhi. Inaitwa Bhogi, nayo ni ya Indra, bwana wa mvua. Nyumba hufagiliwa mpaka darini, kuta hupakwa chokaa, na vitu vilivyochakaa, mikeka, mafagio, vikapu, huchomwa alfajiri kwenye moto mdogo nje.

Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka. Moto huu ulikuwa wa vitu vya majani na miti. Tairi, plastiki na nguo za nailoni hutoa moshi wa sumu, na alfajiri ya Januari hewa huwa imetulia na ya baridi, hivyo moshi hulala chini badala ya kupaa. Mwaka 2018 moshi wa Bhogi uliovurugana na ukungu ulikwamisha safari za ndege Chennai. Choma fungu dogo la vitu vikavu vya asili, vingine vigawe au vipeleke kwa wakusanya taka. Maana ya Bhogi ni kuachana na cha zamani, na aliyempa mwenzake blanketi ambalo halitumii ameachana nalo vilevile.

Magharibi mwa Tamil Nadu, maeneo ya Coimbatore na Erode, watu hufunga pia kappu, kishada cha majani ya mwarobaini, maua ya njano ya avaram na maua meupe ya pulai, juu ya mlango na kwenye zizi.

Kolam mlangoni

Kolam ni mchoro wa unga wa mchele unaochorwa chini mbele ya mlango kabla jua halijachomoza. Fagia, kisha nyunyiza maji. Kijijini hutiwa samadi kidogo kwenye maji hayo ili udongo ushikane na usitoe vumbi. Chora ardhi ikiwa bado na unyevu: ikiwa na madimbwi unga hugeuka uji, ikikauka kabisa upepo huupeperusha.

Chukua unga mkavu, usiwe laini kama poda. Unga uliosagwa chembechembe kidogo ndio unaotiririka. Bana kwa kidole gumba na cha shahada, uache uteleze kati yake huku mkono ukisogea mwendo mmoja. Mstari unaokatikakatika ni dalili kwamba umebana sana, na mstari mnene wenye vifundo ni dalili kwamba mkono unasitasita.

Anza na nukta, pulli, na uweke zote kabla ya mstari wa kwanza. Zipo namna mbili: nukta zilizopangwa moja chini ya nyingine kama miraba, na nukta za mstari wa pili zinazokaa katikati ya nafasi za mstari wa juu. Ukichanganya namna hizi mbili mchoro hautafunga, na hilo ndilo linalowakwamisha wengi wanaojifunza. Kwa mwanzo, weka nukta 4 kwa 4, zikiachana kwa upana wa vidole vinne, uzungushe mstari kuzipita bila kuzigusa. Siku ya Pongal watu huchora pia chungu kinachofoka, jua na miwa miwili, na kuzungushia mpaka wa udongo mwekundu wa kaavi. Unga wa jiwe unaouzwa siku hizi hung'aa zaidi, lakini unga wa mchele huliwa na sisimizi na ndege, na chakula hicho cha viumbe wadogo ni sehemu ya ibada. Changanya kama huna budi, usiuache mchele kabisa.

Kuandaa chungu

Chungu kipya cha udongo hakiwekwi motoni siku kinayonunuliwa. Kizamishe ndani ya maji usiku mzima, kitoe, kikauke kivulini siku moja, kisha kijaze maji ya kuoshea mchele, uyachemshe kwa moto mdogo kwa saa moja na kuacha yapoe humohumo. Wanga huziba vitundu vya udongo. Chungu kilichorukishwa hatua hii huvuja jasho, au hupasuka pale moto unapopanda, na sababu karibu kila mara ni ileile: unyevu ulionaswa ndani ya udongo umegeuka mvuke ghafla. Vyungu vya shaba hutumika vilevile.

Shingo iwe nyembamba kuliko tumbo. Sufuria pana haifoki vizuri, kwa sababu povu hutawanyika na kupasuka kabla ya kufika ukingoni.

Kabla ya moto, funga shingoni mmea mbichi wa manjano ukiwa na mizizi na majani yake, na wa tangawizi ukipatikana. Majani yaelekee juu, mbali na ndimi za moto. Chora mistari mitatu ya majivu matakatifu tumboni na utie nukta ya kumkum, unga mwekundu wa ibada. Mafiga, au matofali matatu, yawekwe uani mahali ambapo jua la asubuhi linafika, na mpishi atazame mashariki. Miwa miwili au mitatu mirefu yenye majani husimamishwa na kufungwa juu kama kibanda. Muwa wa Pongal ni ule wa zambarau iliyokolea, laini wa kutafuna, si ule wa kiwandani.

Kupika sakkarai pongal, pongal tamu

Kwa watu 6 hadi 8, chungu cha lita 3: mchele gramu 250, choroko zilizopasuliwa na kukobolewa gramu 60, maziwa yasiyoondolewa mafuta mililita 400, sukari guru gramu 375, samli gramu 100, korosho gramu 30, zabibu kavu gramu 30, iliki 6, kungumanga kidogo, chumvi chembe chache. Maji kama lita 2.

Mchele uwe wa kawaida, ule usiochemshwa kabla ya kukobolewa. Ukitumia uliochemshwa, utakaa saa nzima na punje zitabaki zimesimama moja moja. Basmati nayo haifai kwa sababu hiyohiyo: pongal hutaka mchele unaolegea na kushikana.

Osha mchele mara mbili na uhifadhi maji ya pili, yale meupe. Loweka mchele kwa dakika 20. Kaanga choroko kwenye kikaango kikavu kwa dakika 3 au 4 mpaka zinukie, zitoe kabla hazijabadilika rangi.

Mimina kwenye chungu maji ya mchele, maji safi na maziwa, mpaka vidole viwili chini ya ukingo. Washa moto mdogo kwa dakika 10 ili udongo upate joto taratibu, kisha ongeza kuni. Kuanzia hapo usikoroge. Juu ya maziwa hujitanda utando mwembamba, mvuke unanaswa chini yake, na wanga wa maji ya mchele huyapa mapovu nguvu ya kusimama. Ukiingiza mwiko, utando unachanika na mvuke unatoroka. Tazama pembeni: kwanza vitone vidogo hutembea kando ya chungu, halafu katikati panatunisha kama mto wa kulalia, halafu mto huo unapanda wote kwa pamoja. Una sekunde chache tu za kuwaita watu.

Yakimwagika, watu hupaza "Pongalo pongal!", huko kusini wanawake hupiga kulavai, ambayo ni vigelegele, na mahali pengine hupulizwa kombe la baharini. Kumwagikia upande wa mashariki huhesabiwa heri zaidi.

Chungu kikikataa kufoka, tafuta sababu mojawapo ya hizi: hakikujazwa vya kutosha, moto ni wa makaa tu bila mwali, au maziwa yametolewa mafuta. Ongeza kikombe cha maziwa ya moto (ya baridi yataushtua udongo) na vijiti vikavu vyembamba vitakavyowaka haraka. Usiongeze gogo: litafanya kazi dakika kumi baadaye, wakati unataka moto mdogo.

Baada ya kufoka, teka kama nusu lita ya kimiminika uweke kando. Hatua hii husahaulika, na ukiisahau, mchele ukiingia chungu kitafurika tena na kuzima kuni. Sasa kila mtu wa nyumba hutia konzi ya mchele, akiuzungusha mara tatu juu ya chungu kwanza. Malizia mchele uliobaki na choroko. Moto ushuke uwe wa wastani, koroga kila baada ya dakika mbili tatu mwiko ukigusa chini, na urudishe kile kimiminika kidogo kidogo kila kinapokauka. Dakika 35 hadi 40.

Sasa jambo linaloharibu pongal nyingi kuliko mengine yote. Sukari guru haiingii mpaka mchele umeiva kabisa. Bonyeza punje kati ya vidole: ipondeke yote bila kiini kigumu. Sukari huyavuta maji na kuyanyima mchele, hivyo punje ambayo haikuiva kabla ya sukari haitaiva tena hata ukipika mpaka jioni. Ponda kwa mgongo wa mwiko ndipo uendelee.

Yeyusha sukari guru kwa mililita 120 za maji na uichuje kwa kitambaa. Usiache kuchuja hata kama inaonekana safi, ndani yake mna mchanga na nyuzi za miwa. Iyeyuke tu, isichemke mpaka kuwa na nyuzi za kunata, la sivyo pongal ikipoa itakuwa ngumu kama peremende. Chagua sukari guru ya kahawia iliyokolea. Ile ya njano iliyopauka mara nyingi imeng'arishwa kwa dawa na ladha yake ni nyembamba. Vuta kuni nje, mimina shira, koroga dakika 8 hadi 10. Wakati huu uji hurusha matone ya moto, mwiko uwe mrefu na watoto wasogee nyuma.

Pasha samli kwenye kikaango, kaanga korosho mpaka ziwe za dhahabu, kisha ndipo zabibu, zitakazotuna kwa sekunde chache. Ukianza na zabibu zitaungua kabla korosho hazijapata rangi. Mimina vyote kwenye chungu pamoja na iliki iliyosagwa, kungumanga na chumvi. Wengi hutia pia kafuri ya kuliwa, pachai karpooram, na kipimo chake ni nusu ya punje ya mchele kwa chungu kizima. Kafuri ya kuwashia taa ya ibada ni kitu kingine na ni sumu ikiliwa. Zote mbili ni nyeupe na hukaa jirani siku hiyo, kwa hiyo weka ya kuliwa jikoni ndani ya chombo chenye alama.

Epua ikiwa bado laini kama uji mzito, itakaza yenyewe. Ikikaza kupita kiasi, maziwa ya moto huirudisha. Ukoko ukishika chini na harufu ya kuungua ikaanza, usikwangue: hamishia ya juu kwenye chombo kingine upesi, maana samli haifichi moshi.

Pembeni huinjikwa ven pongal, ya chumvi: mchele gramu 200, choroko gramu 100, pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi vilivyokaangwa kwa samli. Pamoja nayo huliwa mchuzi wa mboga za msimu, boga, viazi vitamu na fiwi mbichi.

Kumpa Surya sehemu yake

Anza na Pillaiyar, jina la Kitamil la Ganesha: kibonge cha manjano iliyosagwa na maji, kikubwa kama ndimu, kimechomekwa majani ya nyasi ya arugampul na kuwekwa juu ya jani la tambuu. Tandika jani la mgomba, ncha ikielekea kushoto kwa anayelikabili. Weka pongal zote mbili, ndizi, nazi iliyopasuliwa, tambuu na popoo, vipande vya muwa. Nyunyiza maji kuzunguka jani, washa taa, zungusha kafuri iwakayo kulielekea jua, pigeni magoti. Hakuna anayeonja kabla ya hapo, hata kuangalia sukari. Ndiyo sababu vipimo vinatakiwa kuwa sahihi tangu mwanzo. Baadaye chakula hicho ni prasadam, chakula kilichobarikiwa, na kinagawiwa majirani.

Mattu Pongal: siku ya ng'ombe

Siku ya tatu ni ya ng'ombe. Husimuliwa kwamba Shiva alimtuma Nandi, fahali wake, awaambie watu waoge kwa mafuta kila siku na wale mara moja kwa mwezi. Nandi akageuza, akasema wale kila siku na waoge kwa mafuta mara moja kwa mwezi. Kwa kuwa sasa chakula kingi zaidi kilihitajika, Shiva akamwagiza ashuke duniani kulima.

Waoshwe asubuhi, pembe zikwanguliwe na kukauka kabisa kabla ya rangi, vinginevyo hubanduka kabla ya jioni. Usitumie rangi ya mafuta ya kuta, kwa sababu ng'ombe hulambana. Wapake manjano na kumkum usoni, uwavishe njuga na mashada ya maua. Pongal yao iwe konzi moja au mbili juu ya jani, pamoja na ndizi. Wali mwingi wenye sukari huchacha tumboni mwa ng'ombe na unaweza kumuua, na huruma ya kumpa ndoo nzima ndiyo inayomdhuru.

Siku hizi ndizo pia za jallikattu, mchezo wa kumkamata fahali kwa nundu: Avaniapuram siku ya Pongal, Palamedu siku ya ng'ombe, Alanganallur siku inayofuata, zote karibu na Madurai. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku mwaka 2014, maandamano makubwa ya Januari 2017 yakaleta sheria mpya ya jimbo, na mwaka 2023 mahakama hiyo ikaiacha sheria hiyo isimame. Mgeni akae nyuma ya uzio, asisogelee lango la fahali.

Alfajiri ya siku hiihii wanawake huwaombea kaka zao kwa kanu: hutandika majani ya manjano nje na kupanga vibonge vya wali wa njano, mwekundu, mweupe wa maziwa mgando, na pongal tamu, chakula cha kunguru na ndege wengine. Kile kipande cha manjano kilichofungwa kwenye chungu hufunguliwa, na wazee wa kike wanakitumia kuwapaka wadogo usoni wakiwabariki.

Kaanum Pongal

Siku ya nne ni ya kuonana. Watu huwatembelea wazee, hubeba wali wa ndimu na wa maziwa mgando kwenda mtoni au ufukweni. Chennai, ufukwe wa Marina hufurika, kwa hiyo mtoto avae karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani. Chungu cha udongo kioshwe siku hiyo kwa maji ya moto na majivu bila sabuni, maana udongo huinywa sabuni na kuirudisha kwenye chakula, kisha kianikwe siku mbili kikiwa kimeinamishwa. Kitapikia mchuzi mwaka mzima. Kwa Thai ijayo hununuliwa kipya.